Mgeni Mwenye Sindano

4 Februari

Mume wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo umeitoa hata kabla hujafungua bahasha. Sisi huku hatujambo. Mama yako bado anafundisha darasa la kwanza, na akirudi nyumbani ananisemesha kana kwamba na mimi nimo humo darasani. Mjomba wako Kibiriti amegombana na mwenye gereji, wakapatana, wakagombana tena. Cherehani yangu imebadilishwa mkanda na sasa inakwenda kimya mpaka nasinzia juu yake.

Mama yako anauliza kwa nini tusiongee kwenye simu kama watu wengine. Simu yenyewe ni yake. Nikiishika anakaa ubavuni kusikiliza, na sikio langu la kushoto siku hizi linachagua maneno ya kuyapokea. Barua naisoma mwenyewe, nairudia, naiweka chini ya mto. Mambo ya mke na mume hayatangazwi.

Sasa nina shida moja. Mteja aliyekuja kupimwa gauni aliniuliza mjukuu wangu anafanya kazi gani huko ughaibuni. Nikamwambia ni daktari. Wa nini? Nikasema wa kompyuta. Akacheka mpaka nikapotewa na vipimo, na mkono mmoja wa gauni nikaukata mfupi. Niandikie vizuri unachofanya, nijue cha kujibu, la sivyo utanimalizia wateja.

Mimi mwenyewe ni mzima. Kikohozi kidogo tu cha vumbi la vitambaa, kile kile unachokijua.

Mkeo wa kwanza,
Bibi


2 Machi

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka sana na huyo mteja, ingawa namwonea huruma kwa mkono wake. Mimi mzima. Tunafanya kazi kwenye chumba chenye mapazia mazito, taa hafifu na skrini kubwa kila meza. Profesa wetu ni mama mmoja mpole anayesahau chai yake mpaka inapoa, kisha anainywa hivyo hivyo na kuisifia.

Wateja wako uwajibu hivi. Mtu akipigwa picha ya kifua, mifupa hutokea myeupe na mapafu meusi. Ugonjwa ukianza kwenye pafu huonekana kama ukungu mdogo, pengine usiozidi kifungo cha shati, na unapenda kujificha nyuma ya ubavu. Daktari aliyechoka, mwenye rundo la picha mbele yake, anaweza kuupita. Mimi naifundisha kompyuta isiupite. Tunaionyesha maelfu ya picha, tunaiambia hii ina kitu, hii haina. Ndivyo ulivyonifundisha mshono mzuri na mbaya: hukunipa maelezo, ulinipa mashati.

Picha zinatoka hospitali nyingi, hata ile kubwa ya huko nyumbani. Zinakuja na namba tu, bila majina. Sisi tumeapa kwamba hatutamtafuta mwenye picha, na hata tukimtambua hatutasema. Tukiona jambo la kutia wasiwasi tunapeleka namba kwenye kamati, nayo inaiandikia hospitali. Naipenda sheria hiyo. Mgonjwa ametuazima kifua chake, hakutuazima jina lake.

Nijisifu kidogo. Watu wengine hupigwa picha wakiwa na pini, mikufu au vyuma vya kuungia mifupa, na chuma kinang'aa mpaka kompyuta inachanganyikiwa. Nikapendekeza picha zote zenye chuma zitengwe kwenye jalada tuliloliita Taka, zisisomwe. Ghafla kompyuta ikawa hodari. Profesa alinisifu mbele ya watu wote, na mwezi wa tisa tutaionyesha kwenye mkutano mkubwa.

Kikohozi hicho kisikawie.

Mumeo


11 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Wateja nimewajibu, na sasa ni mimi ninayewachosha. Jana nilimweleza mtu habari ya ukungu na ubavu mpaka akaondoka bila kitambaa chake. Mama yako amehamishiwa darasa la tatu, anajiona waziri. Kibiriti yuko kimya wiki hii, jambo linalotutia hofu sote.

Sheria yenu nimeielewa, ila inanichekesha. Yaani mkeo akipita mbele yako huruhusiwi kumwamkia? Huo ni ukali.

Haya, nimekutumia mgeni. Hali chakula, halali kitandani, hana mzigo ila kitu kimoja ulichompa wewe mwenyewe. Sisemi zaidi. Ukimtambua niandikie, nami nitajua kwamba bado unanikumbuka.

Kikohozi kimekaribia kuisha, kwa hiyo usiniulize tena.

Mkeo


19 Mei
(Hii aliiandika, hakuipeleka posta.)

Mke wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za familia wala za hali ya hewa.

Nilipopata barua yako nilidhani mgeni ni mtu, msafiri mwenye kifurushi, nikawa naulizia. Jana Profesa alitutaka tupitie jalada la Taka kabla halijafutwa. Nikawa nafungua na kufunga: mkufu, pini, kifungo. Ikaja picha yenye mstari mwembamba mweupe chini ya mtulinga wa kushoto, umepinda kidogo mwishoni. Nusu ya sindano.

Nilicheka kwa sauti, wenzangu wakageuka. Nani mwingine ana sindano hiyo? Uliichomeka kifuani kwenye gauni lako, kama unavyofanya siku zote ukiwa kazini, nami nikatoka shule mbio nikakurukia kukukumbatia, ikaingia, ikakatika. Daktari akasema kuitafuta ni hatari kuliko kuiacha. Tangu hapo unawaambia watu kwamba mumeo alikuchoma moyo. Nikasema, kumbe mgeni ndiye huyu!

Halafu nikaitazama picha kama ninavyozitazama nyingine zote. Pafu la kulia, juu, nyuma ya ubavu, kuna ukungu. Ni wa ukubwa wa kifungo cha shati. Nimeutazama tena na tena nikiomba niwe nimekosea.

Kompyuta haikuuona kwa sababu mimi ndiye niliyeikataza kutazama. Niliita picha yako taka, bibi.

Namba nimeipeleka kwenye kamati leo hii. Wanasema subira, huenda ikawa wiki, huenda miezi. Nikikupigia simu na kusema nimekuona, nimevunja ahadi niliyowapa wote waliotuazima vifua vyao, na hospitali ikijua inaweza kuacha kutuletea picha. Tena mimi si daktari, pengine ni kovu la zamani. Nisipokupigia, basi nimemwona bibi yangu anaumwa nikakaa kimya.

Sijui nifanye nini. Naogopa.


22 Mei

Bibi,

Shikamoo. Huku hatujambo, kazi zinaendelea.

Nimefikiria kikohozi chako. Tafadhali rudi hospitali, uombe ile picha ya mashine ya kuzunguka, wanayoiita CT, siyo ya kawaida ya kifua. Nimemwomba mama akupeleke. Na ikitokea siku wakataka kukuingiza kwenye ile mashine kubwa ya sumaku, waambie kwanza habari ya sindano yako, maana sumaku ikivuta chuma kilicho mwilini si mchezo. Nasema tu, kwa kuwa ndiyo mambo tunayoshughulika nayo hapa.

Kuhusu mgeni, sina la kusema.

Mjukuu wako


17 Juni

Mjukuu wangu, maana umetaka mwenyewe,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nione kama kuna nyingine nyuma yake. Hakuna. Nimewahi kuandikiwa barua tamu kuliko hiyo na watu wa bili ya maji.

Mama yako amepata la kufanya. Asubuhi na jioni ananiimbia "mficha maradhi kifo humuumbua", na juzi aliniletea viatu mpaka kitandani. Nimemwambia viatu vyangu najua vinapokaa.

Basi ngoja nikupe vidonge vyako. Hospitali nilishakwenda, mwezi wa tatu, bila kumwambia mtu. Nilipigwa picha. Daktari akainyanyua juu dirishani huku anatafuta kalamu mfukoni, akasema, "Mama, mapafu haya ni ya msichana." Nikarudi nyumbani nikapika. Sikukuandikia kwa sababu ungepanda ndege kwa ajili ya vumbi.

Lakini yule mpiga picha, binti mstaarabu, aliniuliza kama naridhia picha yangu ipelekwe kwa watafiti. Watafiti gani? Akanionyesha tangazo ukutani, nikaona jina la chuo chako. Mume wangu, nilitaka kucheza mle ndani! Alikuwa ameniambia nivue kila chenye chuma. Nikavua hereni, nikavua pini za kwenye gauni. Ile ya ndani nikanyamaza nayo. Nikajisemea, acha iende kumwamkia mwenyewe.

Nikasubiri. Kila bahasha ikija naifungua kwa meno. Nawe unanijibu "sina la kusema".

Sikiliza. Mimi siburutwi na mama yako kwenda kupigwa picha ya pili wakati ya kwanza ilikuwa nzuri, na nina gauni la bibi harusi mezani. Nitakwenda ukinijibu neno moja tu: mgeni amefika, au hakufika? Kama hakufika, tucheke tusahau. Kama amefika nawe ukanyamaza, basi kuna jambo, na nataka kulijua. Nimekula chumvi nyingi, neno lolote naweza kulibeba. Nisichoweza ni mume kunitazama usoni kisha akageuza shingo.

Bibi


4 Julai
(Ujumbe wa simu, kwa mama yake.)

Mama, shikamoo. Msomee bibi neno kwa neno, usiongeze wala usipunguze. Shikamoo mke wangu. Mgeni amefika. Nimemtambua kwa sindano. Nenda kesho, na daktari aangalie pafu la kulia, juu, nyuma ya ubavu. Kuna barua itakuja hospitali kutoka huku, usiingoje. Nisamehe nimechelewa kukuamkia.


30 Julai

Mume wangu,

Marahaba, marahaba sana.

Mama yako alianza kuusoma ujumbe wako kwa sauti ya darasani, alipofika kwenye pafu akawa anarudia neno lile lile, nikamnyang'anya simu nikamalizia mwenyewe. Sijawahi kumwona mwanangu akiwa mdogo hivyo tangu alipokuwa mdogo kweli. Asubuhi Kibiriti alitoka gereji na mafuta mikononi akanipeleka, na njia nzima hakumtukana dereva hata mmoja. Hapo ndipo nilipojua mambo si mazuri.

Mashine ya kuzunguka imeuona ukungu wako, pale pale uliposema. Wakanichoma sindano kuchukua kinofu, mimi, fundi wa sindano, nikafumba macho kama mtoto. Ni saratani. Nimeliandika neno hili polepole ili mkono ulizoee. Wanasema bado ni ndogo, haijatembea, na inaweza kukatwa. Ingekaa mpaka mwakani wangekuwa na maneno mengine.

Walitaka pia kuniingiza kwenye mashine ya sumaku wanitazame kichwa. Nesi akauliza kama nina chuma chochote mwilini. Nikajibu sina, maana kwangu mimi chuma ni nondo. Nimeshalala, wanataka kunisukuma ndani, ndipo barua yako ile isiyo na chumvi ikanijia. Nikapiga kelele, "Sindano! Nina sindano!" Wakadhani naomba ya usingizi. Wametafuta njia nyingine ya kukitazama hicho kichwa, nacho kiko salama, ila ukaidi wake tu.

Barua ya kamati yenu ilifika hospitali jana, inamtafuta mwenye namba fulani. Daktari, yule yule wa mapafu ya msichana, alikuja nayo mpaka nilipokaa. Hakutafuta kalamu safari hii. Aliniomba radhi, nami nimemsamehe, ingawa nilimwacha asimame kidogo kwanza.

Wananipasua mwezi wa tisa. Naogopa, mume wangu. Mbele ya mama yako najikaza kisabuni, lakini wewe nakwambia. Nakaa kwenye cherehani nikiwa na kitambaa mkononi na sishoni kitu.

Na wewe wamekufanya nini huko kwa kuniamkia?

Mkeo


21 Agosti

Mke wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, na koti sikulivua.

Unauliza wamenifanya nini. Siku ile ile niliyotuma ujumbe nilikwenda kwa Profesa nikamwambia kila kitu. Alikunywa chai yake baridi, akasema, "Umevunja sheria, na lazima niandike hivyo. Ningekuwa mimi ningeivunja pia, ila hilo siliandiki." Kamati imenizuia kufungua picha yoyote mpaka ikae kunijadili. Meza yangu imehamishiwa ukumbini, na ninapopita karibu na chumba chetu wenzangu wanazima skrini. Inauma, lakini sina kinyongo. Nami ningetaka picha ya bibi wa mtu mwingine ilindwe hivyo hivyo, hata dhidi yangu.

Kinachoninyima raha zaidi ni Taka. Nilimwomba Profesa isifutwe, wakaipitia yote kwa macho yao. Wewe hukuwa peke yako. Kuna wengine wenye ukungu mle ndani, na namba zao zimepelekwa. Nimejiuliza ni nani hasa huwa na chuma kifuani. Ni wazee, ni waliokwisha kupasuliwa, ni watu wa kazi za mikono, yaani wale wale wanaohitaji kutazamwa kuliko wote. Mimi niliifanya kompyuta ionekane hodari kwa kuwaondoa watu wagumu kuwasoma. Ni sawa na fundi anayesifiwa kwa sababu anawafukuza wateja wenye vibyongo. Mkutano wa mwezi wa tisa tumejitoa, tunaanza upya, na safari hii chuma kitakuwemo.

Siwezi kuja kabla kamati haijakaa. Nimeomba, wamekataa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na nimeiamini methali hiyo kila siku tangu mwezi wa tano. Ningependa niwe pale nikushikie hereni zako.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua nyingine, ya Mei. Niliiandika nikaogopa kuituma. Isome, ujue kwamba sikugeuza shingo. Nilikuona siku ya kwanza, na nilicheka kabla sijalia.

Nakupenda, bibi. Rudi salama kutoka huko ndani.

Mumeo


28 Septemba

Mume wangu,

Marahaba. Nipo.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimeegemea mto, na upande wa kulia unanikumbusha kila herufi. Wameutoa ukungu wote, ndivyo wanavyosema. Mama yako analala kwenye kiti karibu nami na anakoroma, mwambie siku moja, mimi hataniamini. Kibiriti ameniletea mkanda mpya wa cherehani hapa hospitali, kana kwamba nitaufunga kitandani. Nimemwambia asante.

Barua yako ya Mei nimeisoma. Imelowa kidogo, usiulize kwa nini. Nimekusamehe hata neno taka.

Nitakuwa napigwa picha kila baada ya miezi michache kuangalia kama ukungu umerudi. Yule binti mstaarabu ameshaniuliza kama bado naridhia picha zangu ziende kwa watafiti. Nimeridhia zote. Kamati ikikurudisha kwenye chumba chako cha mapazia na ukaniona nikipita, shika sheria yako, usiandike kitu. Mimi nitakuwa nimeshapokea shikamoo.

Jambo moja la mwisho, nesi ameshanitolea macho nizime taa. Siku moja kabla ya kupasuliwa, daktari mpasuaji alikuja na picha zangu. Akasema, "Bibi, kazi yetu iko kulia, lakini hiki chuma cha kushoto naweza kukutolea papo hapo ukiwa umelala. Ni kitu kidogo, na mashine hazitakusumbua tena."

Nikamwuliza kama kinanidhuru. Akasema hapana.

Nikamwambia, "Basi kiache, mwanangu. Mume wangu anafanya kazi mahali ambapo watu hawana majina. Ukikitoa, atanijuaje?"

Mkeo